Mbio za barabarani katika Nyanda za Juu Kusini

Mbio za barabarani katika Nyanda za Juu Kusini ni mashindano ya riadha yanayofanyika nje ya uwanja, kwenye barabara za lami na za vumbi, katika mikoa ya kusini-magharibi mwa Tanzania, hasa Mbeya na Iringa. Yanayojulikana zaidi ni Mbeya Tulia Marathon jijini Mbeya na Great Ruaha Marathon katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mkoani Iringa.

Miji ya Mbeya na Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake zina miinuko na miteremko mingi. Kwa sababu hiyo muda wa mkimbiaji aliyeshindana huko hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na muda uliopatikana Dar es Salaam au Moshi. Kuamua ni mashindano yapi yaliyo bora kwa mwaka husika kunahitaji kuangalia mambo mengine zaidi ya muda na zawadi: usahihi wa umbali, umbo la njia, hali ya hewa, usalama, huduma, na lengo la mkimbiaji mwenyewe.

Matumizi ya jina "marathon"

Kimataifa, marathoni ni mbio za kilomita 42.195. Umbali huo ulikimbiwa kwa mara ya kwanza kwenye Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na ukathibitishwa kuwa rasmi mwaka 1921. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975.

Nchini Tanzania neno hilo limepata maana pana. Mashindano mengi ya barabarani huitwa "marathon" hata kama umbali wake mrefu kuliko wote ni kilomita 21 au 10. Mashindano mamoja huwa na mbio za umbali tofauti, zikiwemo kilomita 5 za kujifurahisha ambazo huwavutia wanaklabu wa jogging, wanafunzi, watumishi wa ofisi na familia. Anayesoma tangazo la mashindano anapaswa kuangalia orodha ya umbali, wala si jina peke yake.

Mazingira

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, chini ya safu ya milima yenye kilele cha Loleza. Barabara kuu ya TANZAM, inayounganisha Dar es Salaam na Zambia, inapita ndani ya jiji. Upande wa mashariki, Uyole iko kwenye mita 1,800 hivi. Kuelekea magharibi barabara inashuka hadi Mbalizi, ambako mwinuko ni chini ya mita 1,500. Njia yoyote ndefu kando ya barabara hiyo lazima ipande au ishuke.

Mji wa Iringa uko takriban mita 1,550, juu ya genge linalotazama bonde la Mto Ruaha Mdogo. Ipogolo, ambako barabara ya TANZAM inapita, iko chini bondeni. Kipande cha kutoka Ipogolo kupanda mjini ni kifupi lakini kikali, na mkimbiaji asiyekijua huweza kumaliza nguvu zake hapo.

Kanda hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei mwanzoni. Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi, na usiku jijini Mbeya halijoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Baridi hiyo ni faida kwa mbio ndefu, kwa kuwa mwili unaokimbia hutoa joto jingi na hupoteza maji kidogo hewa ikiwa baridi.

Mashindano yanayojulikana

Mbeya Tulia Marathon huandaliwa na taasisi ya Tulia Trust, iliyoanzishwa na Tulia Ackson, mwanasiasa aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini na Spika wa Bunge la Tanzania kuanzia mwaka 2022 hadi 2025. Kituo chake ni Uwanja wa Sokoine, na imekuwa ikifanyika mwezi Mei, mvua zinapokaribia kwisha. Pamoja na mbio za barabarani, mashindano haya yamekuwa na mbio fupi za uwanjani. Fedha zinazochangwa huelekezwa katika shughuli za kijamii, hasa elimu na afya.

Great Ruaha Marathon hufanyika ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964. Baada ya kuongezewa eneo la Usangu mwaka 2008, hifadhi hiyo ilizidi kilomita za mraba 20,000. Mazingira yake ni tofauti kabisa na ya mjini. Eneo la Msembe, yalipo makao makuu ya hifadhi, liko chini ya mita 1,000, hivyo hewa ni nzito zaidi na joto ni kali zaidi kuliko mjini Iringa. Tembo, simba na nyati wanaishi humo, kwa hiyo usalama wa wakimbiaji hutegemea askari wa uhifadhi. Barabara za ndani ni za vumbi na changarawe, ambazo hupunguza kasi.

Mashindano haya mawili yako katika kanda moja, lakini yanampima mkimbiaji kwa namna mbili. Mbeya inapima pumzi na uwezo wa kupanda, ilhali Ruaha inapima uvumilivu wa joto na ardhi isiyo na lami.

Athari ya mwinuko

Kadiri mtu anavyopanda juu, shinikizo la hewa hupungua. Asilimia ya oksijeni katika hewa haibadiliki, lakini kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Kwenye mita 1,700 shinikizo ni takriban asilimia 82 ya lile la usawa wa bahari, yaani karibu moja ya tano imepungua. Misuli hupata oksijeni pungufu, na mkimbiaji wa mbio ndefu hulazimika kupunguza kasi.

Mfano unaojulikana zaidi ni Olimpiki ya mwaka 1968 katika Jiji la Mexico, lililo kwenye mita 2,240. Naftali Temu wa Kenya alishinda mita 10,000 kwa dakika 29:27.4, wakati rekodi ya dunia iliyokuwepo ilikuwa 27:39.4. Mbio fupi na miruko zilifaidika, kwa sababu hewa nyepesi haina ukinzani mkubwa. Katika marathoni ya michezo hiyo John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka, akaumia goti, lakini akaendelea hadi mwisho zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Anayeishi nyanda za juu huzoea hali hiyo. Mwili wake hutengeneza chembe nyekundu za damu nyingi zaidi, na huo ndio msingi wa wanariadha wengi kufanya mazoezi Iten, Arusha au Addis Ababa. Kuzoea huchukua wiki kadhaa. Mgeni kutoka pwani anayefika Mbeya siku mbili kabla ya mbio anashauriwa kukimbia kwa kusikiliza pumzi yake badala ya kufuata saa, na kuanza polepole kuliko kawaida yake.

Upimaji wa njia

Jambo la kwanza katika ubora wa mashindano ni njia yenye urefu uliotangazwa. Kipimo cha gari au cha simu hakitoshi. Dashibodi ya gari ina makosa, na simu hupotoka kwenye kona, chini ya miti na kati ya majengo.

Njia inayokubalika kimataifa ni ya baiskeli yenye kihesabio cha mizunguko kiitwacho Jones. Mpimaji huanza kwa kuendesha baiskeli kwenye kipande cha barabara ambacho urefu wake unajulikana kwa uhakika, ili ajue kihesabio kinasoma kiasi gani kwa kila kilomita. Kisha hupima njia kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, akikata kona kwa umbali wa sentimita 30 kutoka ukingoni. Mwishoni huongezwa moja ya elfu ya umbali, yaani mita 42 hivi kwa marathoni, ili njia isije ikawa fupi.

Ili muda uweze kutambuliwa kama rekodi, kuna masharti mawili zaidi. Umbali wa moja kwa moja kati ya mahali pa kuanzia na pa kumalizia usizidi nusu ya urefu wa mbio, na mteremko wa jumla usizidi mita moja kwa kila kilomita. Boston Marathon nchini Marekani haitimizi masharti hayo, ndiyo maana saa 2:03:02 za Geoffrey Mutai wa Kenya mwaka 2011 hazikuwa rekodi ya dunia, ingawa hakuna mtu aliyewahi kukimbia umbali huo kwa kasi hiyo kabla yake.

Kwa Mbeya sharti la mteremko lina uzito mkubwa. Nusu marathoni inaruhusiwa kushuka mita 21 tu kwa jumla. Kutoka Uyole hadi Mbalizi, umbali wa takriban kilomita 20, barabara inashuka zaidi ya mita 300. Mbio za upande mmoja kwenye njia hiyo zingetoa muda wa kuvutia usio na thamani ya kiufundi. Njia inayozunguka na kurudi ilipoanzia, kwa mfano uwanjani, huondoa tatizo hilo.

Kwa nini usahihi ni muhimu

Kwa anayekimbia kwa afya, pungufu ya mita 300 haibadilishi kitu. Kwa kijana anayetafuta nafasi ya kuiwakilisha nchi, inaweza kumpotezea msimu mzima. Ili kufuzu kwa muda katika marathoni ya Olimpiki ya Paris 2024, wanaume walihitaji saa 2:08:10 na wanawake saa 2:26:50. Muda uliopatikana kwenye njia isiyopimwa na kuthibitishwa hauhesabiwi. Mwanariadha wa namna hiyo hulazimika kusafiri kutafuta mashindano yanayotambuliwa, mara nyingi nje ya nchi.

Wanariadha wengi maarufu wa Tanzania wa mbio ndefu walitoka mikoa ya kaskazini na ya kati. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alipata medali ya shaba ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, na mwaka 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Tokyo kwa saa 2:09:48. Mbeya iko juu kuliko Arusha, lakini haijatoa majina mengi ya kiwango hicho. Hii inaonyesha kwamba mwinuko peke yake hautoshi: kunahitajika pia walimu wa riadha, klabu, mashindano ya shule kama UMITASHUMTA na UMISSETA, na mbio za nyumbani zenye matokeo yanayoaminika.

Vigezo vya kuchagua mashindano bora

Wakimbiaji na waandaaji huweza kutumia vigezo vifuatavyo:

- Kibali na upimaji: mashindano yana kibali cha Riadha Tanzania, na njia imepimwa na mtu mwenye sifa.
- Umbo la njia: ramani ya miinuko imetolewa mapema, ili mkimbiaji ajue milima iko wapi.
- Usalama: magari yamezuiwa. Jambo hili ni la lazima palipo na malori, kama kwenye barabara ya TANZAM.
- Maji: yapo mwanzoni, mwishoni na takriban kila kilomita 5 njiani, na yanatosha hata kwa wanaofika mwisho.
- Huduma ya kwanza: kuna wahudumu wa afya na gari la wagonjwa.
- Saa ya kuanza: ni alfajiri au asubuhi mapema, kabla ya jua kali.
- Matokeo: muda wa kila mshiriki unarekodiwa na kutangazwa, si wa washindi peke yao.
- Zawadi: ni sawa kwa wanawake na wanaume, na zinalipwa kama zilivyotangazwa.
- Gharama: ada, nauli na malazi vinalingana na kipato cha watu wa eneo hilo.

Uzito wa kila kigezo hutofautiana. Mwanariadha mshindani hutanguliza upimaji na zawadi. Anayekimbia nusu marathoni kwa mara ya kwanza hutanguliza maji, usalama na njia isiyo na milima mikali. Mtalii anaweza kuchagua Ruaha kwa ajili ya mandhari, hata kama muda wake utakuwa mbaya.

Njia nyingine ya kuchagua ni kura ya wakimbiaji. Kura ina faida ya kusikiliza walioshiriki, lakini hupendelea mashindano makubwa, kwa kuwa yenye washiriki 5,000 huwa na wapiga kura wengi kuliko yenye 300, hata kama madogo yameandaliwa vizuri zaidi. Kasoro hiyo hupungua kila mshiriki akitoa alama kwa kila kigezo, kisha ukatafutwa wastani badala ya jumla. Kulinganisha mashindano ya umbali mmoja pekee pia husaidia, kwani kilomita 10 za mjini na kilomita 42 za hifadhini hazina kipimo kimoja.

Tazama pia

- Marathoni
- Riadha
- Mkoa wa Mbeya
- Mkoa wa Iringa
- Hifadhi ya Taifa ya Ruaha
- John Stephen Akhwari
- Alphonce Simbu