Ratili kwa Ratili: Ubishi wa Kale wa Watu wa Ngumi

Katika zama za kwanza za ngumi za Uingereza, tangu Jack Broughton alipotunga kanuni zake mwaka 1743, bingwa alikuwa mmoja tu, na kila aliyedai ubingwa ilimpasa asimame mbele ya huyo mmoja bila ya kuulizwa uzito wake, kwa hiyo ubishi tunaousikia leo vibarazani, wa kumtafuta bondia bora kuliko wote bila ya kujali ukubwa wa mwili wake, haukuwa na mahali pa kuota. Daniel Mendoza, Myahudi wa London mwenye ratili 160 hivi, aliupata ubingwa huo katika miaka ya 1790 kwa wepesi wa miguu na elimu ya kukinga, na juu ya fani yake akaandika na kitabu. Lakini mwaka 1795 John Jackson, aliyemzidi kimo na uzito, alimkamata nywele kwa mkono mmoja akamtwanga kwa mkono wa pili, na kanuni za siku zile hazikuona taksiri katika jambo hilo. Jackson alishinda, basi Jackson ndiye bora, na mazungumzo yakaishia hapo.

Insafu ya mizani ilikuja polepole, kwa desturi za mahali mbalimbali zisizopatana, hata mwaka 1909 klabu ya National Sporting Club ya Covent Garden, mjini London, ilipozipanga tabaka nane zilizokuja kufuatwa takriban ulimwengu mzima: ratili 112 kwa uzito wa inzi, 118 kwa bantamu, 126 kwa unyoya, 135 kwa uzito mwepesi, 147 kwa welta, 160 kwa uzito wa kati, 175 kwa uzito wa juu mwepesi, na zaidi ya hapo uzito wa juu usiokuwa na mpaka. Kwa mpango huo mtu mdogo alipata haki ya kupigana na mdogo mwenziwe, akavikwa mkanda wake, akaitwa bingwa wa dunia. Lakini mizani iliyompa haki hiyo ndiyo iliyomtia kivulini, maadam wingi wa fedha na sifa ulibaki kwa yule bingwa wa uzito wa juu, ambaye hata asiyejua ngumi hulijua jina lake. Ndipo mashabiki walipoanza kuuliza swali lisilo na ulingo wa kulijibia: lau watu hawa wangepewa mwili wa kadiri moja, ukabaki ustadi na moyo peke yake, nani angesimama mwisho? Swali hili, la ratili kwa ratili, limewatendea wema mkubwa watu walionyimwa haki na mikanda, na wema huo ulidumu kwa muda wote ambao halikuwa na bei.

Wa kwanza kunufaika ni watu mfano wa Jimmy Wilde, kijana wa migodi ya makaa ya Wales, ambaye aghalabu hakufika hata ratili 108, na ambaye tangu ujana wake katika vibanda vya maonyesho ya ngumi alikuwa akiwaangusha watu waliomzidi kwa kila kipimo isipokuwa kipimo cha pigo, hata wakamwita mzuka mwenye nyundo mkononi. Januari 1921, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, alipambana na Pete Herman wa Marekani, aliyepanda ulingoni akiwa mzito kuliko yeye kwa ratili nyingi. Wilde alitaka kukataa, na alikuwa na haki. Inasimuliwa kwamba alikubali kwa kuwa mrithi wa ufalme alikuwa amekwisha kuketi akingoja. Akapigwa mpaka raundi ya 17 pambano likakatizwa. Wanaomtukuza hawaihesabu siku hiyo kuwa aibu, nami siwalaumu.

Kabla ya Wilde alikuwapo Bob Fitzsimmons, mhunzi aliyezaliwa Cornwall akakulia Timaru huko New Zealand, mwenye mabega ya mtu mkubwa juu ya miguu ya kijana. Aliuchukua ubingwa wa uzito wa kati mwaka 1891. Tarehe 17 Machi 1897, huko Carson City, akiwa na ratili 167 tu, alimpiga James J. Corbett ngumi ya chembe ya moyo katika raundi ya 14 akawa bingwa wa uzito wa juu; na mwaka 1903, akiwa na miaka 40, aliongeza ubingwa wa uzito wa juu mwepesi. Hakuna aliyehitaji kumkadiria Fitzsimmons kwa dhana, maana yeye mwenyewe alikuwa akienda kuwatafuta wakubwa.

Ama Sam Langford, habari zake ni nzito kuliko hizo. Alizaliwa Weymouth Falls, Nova Scotia, akahamia Boston, na kwa kimo hakufika hata futi sita kasoro inchi nne. Desemba 1903, angali kijana, alimshinda kwa pointi Joe Gans, bingwa wa uzito mwepesi na fundi aliyekuwa akiogopwa na wote, ila mkanda haukuwa rehani siku hiyo. Mwaka 1906 alipigana raundi 15 na Jack Johnson, aliyemzidi kwa ratili 30 hivi, akashindwa lakini akamaliza. Johnson alipoutwaa ubingwa wa uzito wa juu huko Sydney mwaka 1908, wa kwanza katika watu weusi, wengi walidhani mlango umefunguka. Kwa Langford ulibaki umefungwa, kwani mabondia weupe wenye majina walimkwepa kwa kisingizio cha rangi, na Johnson naye hakumpa nafasi ya ubingwa hata mara moja. Ikambidi arudie mapigano na watu weusi wenziwe waliofungiwa nje pamoja naye, Harry Wills, Joe Jeannette na Sam McVea, mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka, kama watu wa nyumba moja walioamrishwa wagombane ili wapate chakula. Macho yakamharibika, akaendelea kupigana akiona nusu. Mwaka 1944 mwandishi wa gazeti la New York alimkuta Harlem, kipofu na fukara, na wasomaji wakachangishana fedha za kumtunza mpaka alipofariki mwaka 1956. Katika daftari za ubingwa wa dunia jina lake halimo. Katika mjadala wa ratili kwa ratili, kinyume chake, ni nadra kumsikia mjuzi akitaja watu kumi wa historia yote akamwacha Langford; na hapo ndipo ninapoona kwamba ubishi huu, ambao wengine huuona upuuzi wa wasio na kazi, umekuwa mahakama ya rufaa kwa mtu aliyedhulumiwa katika mahakama ya kwanza.

Henry Armstrong hakuwa na haja ya rufaa, kwani katika muda usiotimia mwaka mmoja, kati ya Oktoba 1937 na Agosti 1938, aliishika mikanda ya unyoya, welta na uzito mwepesi kwa pamoja, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya zama zile za mabingwa wanane tu. Alipokuwa akienda kumkabili Barney Ross wa welta, inasimuliwa kwamba shida yake haikuwa kupunguza mwili, ilikuwa kuuongeza, akawa akijijaza maji ili mizani imkubali.

Hata hivyo, jina lililoambatana na usemi wa ratili kwa ratili kuliko majina yote ni la Sugar Ray Robinson. Alizaliwa Georgia kwa jina la Walker Smith, akawa bingwa wa welta mwaka 1946, kisha akaupata ubingwa wa uzito wa kati mara tano. Jake LaMotta, aliyemzidi uzito, ndiye aliyemwonjesha kushindwa kwa mara ya kwanza, Detroit, Februari 1943. Lakini walikutana mara 6 kwa jumla, na Robinson alishinda mara 5. Waandishi wa magazeti, wakiona kwamba ubingwa wa tabaka moja haumtoshi mtu huyu na kwamba hawezi kupewa ule wa uzito wa juu, wakamtengenezea enzi ya peke yake isiyo na mkanda.

Enzi hiyo ilitiwa mtihanini tarehe 25 Juni 1952, katika uwanja wa Yankee Stadium, Robinson alipopanda tabaka nyingine ili amnyang'anye Joey Maxim ubingwa wa uzito wa juu mwepesi. Robinson alikuwa na ratili 157 na nusu, Maxim 173. Joto la usiku ule, chini ya taa za ulingo, lilitajwa kufikia nyuzi 40 za selisiasi. Mbele ya watu takriban 48,000 Robinson alimfundisha Maxim ngumi raundi baada ya raundi, hata waamuzi wote watatu wakawa wamempa uongozi mkubwa. Lakini baada ya raundi ya 10 refa Ruby Goldstein alizidiwa na joto, akaondolewa, akaingizwa mwingine, na katika raundi ya 13 Robinson alirusha ngumi ikakosa, naye akaifuata mwenyewe mpaka chini. Kengele ya raundi ya 14 ilipolia hakuweza kuinuka kitini. Hiyo ndiyo mara pekee katika umri wake wote wa ulingo aliposhindwa kabla ya raundi kwisha.

Watu wamehitilafiana juu ya usiku huo mpaka leo. Wapo wasemao kwamba Robinson alithibitisha madai yote, kwa kuwa mtu aliyepungukiwa ratili 15 na zaidi alikuwa akishinda, na kilichomwangusha ni jua la siku lililobaki hewani. Wapo nao wajibuo kwamba Maxim alikuwa chini ya joto lilelile, na kwamba mtu mzito aliyetulia, akamwacha mwepesi ajimalize kwa mbio zake, naye ametumia akili, tena akili ni nusu ya ngumi. Hoja hii ya pili ina nguvu kuliko tunavyopenda kukiri sisi tunaompenda Robinson.

Ubishi huu una kasoro zake pia: sijaona, kwa mfano, hukumu nzuri ya mtu wa uzito wa juu. Mwepesi akipanda tabaka huhesabiwa ushujaa. Muhammad Ali apande wapi? Aliye juu kabisa hunyimwa daraja iliyobaki ya kujipimia, kisha husemwa kwamba ukubwa wake ulimsaidia. Oleksandr Usyk wa Ukrania ameliepuka tatizo hili kwa kuwa alianzia tabaka ya chini, akakusanya mikanda yote huko mwaka 2018, kisha akaikusanya tena katika uzito wa juu mwaka 2024. Lakini huyo ni mmoja, na si kila mkubwa aliwahi kuwa mdogo.

Nat Fleischer, aliyelianzisha jarida la The Ring mwaka 1922 na kuwa kadhi wa mchezo huu kwa karibu miaka hamsini, alipotoa orodha zake mashuhuri za mabondia wa zama zote alimbakiza kila mtu katika tabaka yake, Johnson juu ya wazito na Wilde juu ya inzi. Busara hiyo haikurithiwa. Mwaka 1977 orodha za jarida hilohilo zilitumiwa kuchagua washiriki wa mashindano ya televisheni huko Marekani, ikagundulika kwamba rekodi za baadhi ya mabondia zilitiwa mapigano ambayo hayakupiganwa kamwe, na mashindano yakavunjwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaanza kuchapa orodha ya kudumu ya ratili kwa ratili, na aliyewekwa juu yake alikuwa Mike Tyson, bingwa wa uzito wa juu, katika daraja iliyobuniwa kwa ajili ya wadogo! Februari 1990, huko Tokyo, Buster Douglas alimwangusha.

Tangu hapo cheo hiki kimekuwa bidhaa ya mapromota. Tarehe 10 Septemba 1993, huko San Antonio, Julio César Chávez wa Meksiko, aliyekuwa ameshinda mapigano 87 bila ya kushindwa, alikabiliana na Pernell Whitaker kwa uzito wa mapatano wa ratili 145, na tangazo la pambano lilikuwa kwamba mshindi ndiye bora duniani bila ya kujali tabaka. Whitaker alimchezea Chávez kama apendavyo. Jaji mmoja alimpa ushindi, wawili wakaandika sare, na sare ikatangazwa. Kwa hiyo mara ile moja ambapo ulingo uliombwa kulijibu swali waziwazi, majaji walikataa kujibu.

Ilikuwapo tuzo nyingine, ndogo kwa fedha, ambayo tangu mwaka 1936 ilikuwa ikipima mabondia wa tabaka zote kwa mizani moja. Ni kikombe cha Val Barker, kilichokuwa kikitolewa katika Michezo ya Olimpiki kwa bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote, awe amepata dhahabu au hakupata. Mwaka 1968, huko Meksiko, Philip Waruinge wa Kenya, wa uzito wa unyoya, alishindwa kwa tofauti ndogo katika nusu fainali na Antonio Roldán, mwenyeji, akaambulia shaba; Roldán akapata dhahabu baada ya mpinzani wake Mmarekani kuondolewa fainalini kwa kupiga kichwa. Kikombe akapewa Waruinge. Katika mashindano yaliyokuwa na vijana mfano wa George Foreman, aliyetwaa dhahabu ya uzito wa juu, waamuzi waliona kwamba fundi wa kwanza ni Mkenya wa kilo 57 aliyesimama daraja ya tatu. Miaka minne baadaye, Munich, alipata fedha. Kisha akaenda Japani, akapigana ngumi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama, akaugombea ubingwa wa dunia asiupate. Na wakati ule The Ring lilikuwa bado halijaanza kuchapa orodha yake ya ratili kwa ratili.