Sauti ya Meridian Ilivyofika Kapkatet

Tarehe 30 Novemba 1927, mjini Camden, New Jersey, kijana wa Meridian, Mississippi, aliketi na gitaa lake akairekodia kampuni ya Victor wimbo uliotoka mwaka uliofuata kwa jina la "Blue Yodel". Jimmie Rodgers alikuwa na umri wa miaka 30. Mwezi Agosti tu alikuwa bado hajulikani, akisikilizwa kwa mara ya kwanza na Ralph Peer, msaka vipaji wa Victor, huko Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Wimbo huu ndio uliomtoa.

Maneno yake hayapendezi: mwanamume aliyesalitiwa anatishia kumpiga mpenzi wake risasi. Kinachonasa sikio ni ujenzi wake. Mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unaujibu. Ubeti ukiisha, sauti inaruka ghafla kutoka kifuani hadi ile nyembamba ya juu, inarudi, inaruka tena, bila neno hata moja. Mistari mitatu ya namna hiyo ni muundo wa bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi wa kusini. Rodgers alikuwa mwana wa nyapara wa reli. Utotoni aliwachotea maji vibarua wa njia ya reli, wengi wao Weusi, na ukubwani akafanya kazi ya breki kwenye magari moshi mpaka kifua kikuu kilipomwondoa. Yodeli, ile sauti ya kuruka, inajulikana zaidi kwa wachungaji wa milima ya Alps, na wasanii wa majukwaa ya Marekani walishaitumia kabla yake. Yeye alivikutanisha viwili hivyo ndani ya wimbo mmoja, na anayedai kwamba kantri, muziki aliosaidia kuujenga, ni wa Wazungu peke yao hajausikiliza msingi wake.

Mfululizo wa "Blue Yodel" ulifika nyimbo 13. Ya tisa, iliyorekodiwa Los Angeles mwaka 1930, ina tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya mkewe, Lil Hardin. Ya nane ndiyo mwanamuziki Bill Monroe aliyoingia nayo Grand Ole Opry, onyesho la redio la muziki wa kantri, mwaka 1939, na mwaka 1970 mwimbaji Dolly Parton akaipa uhai mpya. Mwimbaji Gene Autry alianza kwa kumwiga Rodgers. Naye Howlin' Wolf, gwiji wa bluzi, alieleza kwamba alijaribu yodeli ikamshinda, ndipo akapata ule mlio wake wa mbwamwitu. Rodgers mwenyewe hakuyaona mengi ya haya. Alifariki New York tarehe 26 Mei 1933, siku chache baada ya kurekodi huku akipumzika kitandani kati ya wimbo na wimbo.

Afrika hakuwahi kukanyaga, lakini santuri zake zilifika Bonde la Ufa, Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alikwenda na mitambo yake kwa Wakipsigis wa Kapkatet, kusini mwa Kericho. Huko alikuta jina la Rodgers limegeuka Chemirocha na limeshatungiwa nyimbo. Alirekodi tatu. Inayopendwa zaidi ni ya tatu, ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake: chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Wajaluo, inatembea polepole chini, na sauti zao nyororo zinamwita Chemirocha acheze. Kwa maelezo ya Tracey, Chemirocha huyo alikuwa nusu mtu, nusu paa.

Wengi huisimulia habari hii kama kichekesho cha wanakijiji walioduwazwa na gramafoni. Mimi nakataa. Wasichana wale hawakuiga yodeli, hawakushika gitaa, hawakufuata mistari mitatu ya bluzi. Walimchukua mgeni mwenye sauti ya ajabu wakamwingiza katika ngoma yao, kwa ala yao na kwa mwendo wao, kama Rodgers alivyochukua bluzi akaifanya ya kwake. Tofauti ni kwamba Rodgers alilipwa na jina lake likakua. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri. Rekodi za Kapkatet zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey, na zaidi ya miaka 60 ilipita kabla nakala hazijarudishwa kwa Wakipsigis. Miongoni mwa waliozipokea alikuwamo Cheriyot arap Kuri, mzee aliyeimba mojawapo ya zile tatu.