Kasanga Tumbo, Mtu wa Reli

Hapa Kagongwa garimoshi halifiki. Ukitaka kulisikia uende Isaka, kwenye njia ya Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928. Lakini huku mashineni, sisi makuli wa mchele huwa tunagoma. Mgomo wetu mrefu kuliko yote haujavuka saa sita mchana. Njaa ikibana kila mtu anarudi kwenye gunia lake. Ndiyo maana, ndugu msomaji, nilipozipata habari za siku 82 nilikaa chini.

Ni mwaka 1960. Reli ni ya shirika moja la Kenya, Uganda na Tanganyika, makao makuu Nairobi. Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli Tanganyika ni Christopher Kasanga Tumbo. Walidai mishahara, tena Waafrika wapewe vyeo vilivyoshikwa na wageni. Februari wakaweka zana chini. Siku 82, bwana! Mke anauliza unga, mtoto anauliza ada, wewe unajibu nini? Mimi riwaya yake ningeianzia jikoni, si mkutanoni.

Mwaka huohuo Tumbo akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Uhuru ukaja Desemba 1961, na hapo ndipo kisa kinapopinda. Yeye alishikilia kwamba chama cha wafanyakazi kisiwe mkia wa serikali, hata kama serikali ni yetu. Wakubwa wa TANU waliona nchi changa haijengwi kwa migomo, na niseme kweli, hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 1962 akapelekwa London kuwa balozi. Wengine tungetulia huko tukanywa chai. Jamaa akajiuzulu mwaka uleule, akaja kuanzisha chama cha upinzani, PDP. Wakati huo sheria mpya zilikwisha kuubana mgomo, na mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kesi.

Askari walipoasi Januari 1964, Tumbo alikuwa Kenya. Akakamatwa, akarudishwa, akatiwa kizuizini. Vyama vya wafanyakazi navyo vikafutwa, kikaundwa kimoja tu, NUTA.

Juzi mashineni niliwauliza wenzangu kama wanamjua Tumbo.

"Tumbo la nani?" mmoja akajibu, akajishika lake.

Tukacheka wote, hata mimi. Kisha lori likapiga honi.