Mishahara ya Wakurugenzi, Gharama za Ofisi na Hoja ya Kuunganisha Asasi za Vijana Nachingwea na Ruangwa

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huohuo USAID ilikuwa imekoma kufanya kazi kama shirika. Kwa asasi za vijana za mikoa ya pembezoni, ambazo mara nyingi hupokea fedha zikiwa zimepitia mikono mitatu au minne, tukio hilo limeipa nguvu hoja ya siku nyingi: asasi ni nyingi mno, ofisi ni nyingi mno, wakurugenzi ni wengi mno, na dawa ni kuziunganisha. Inapohusu Nachingwea na Ruangwa, hoja hiyo ina mvuto wa pekee. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Lindi ni jirani, zote zinalima korosho na ufuta, na watu wake wamechanganyika kwa ndoa na biashara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 178,464 Nachingwea na 131,080 Ruangwa. Jumla yao haikufika theluthi ya watu wa Ilala ya wakati huo. Kwa nini basi vijana wa eneo kama hilo wahudumiwe na wakurugenzi wawili, wahasibu wawili na kodi mbili za pango?

Makala haya yanakubali nusu ya hoja hiyo. Nadai kwamba kinachostahili kuunganishwa ni kazi ya hesabu, ukaguzi na taarifa. Milango ambayo kijana anaweza kuifikia kwa miguu au kwa nauli ya bodaboda ibaki mahali ilipo. Na hakuna muungano utakaoaminika kabla vijana, ambao kwa jina lao fedha zinaombwa, hawajaujua mshahara wa mkurugenzi.

Nianze na gharama za ofisi, kwa kuwa ndizo zinazosemwa vibaya kuliko zote. Ukizitazama kwa karibu ni pango, umeme wa LUKU, bando la intaneti, mafuta ya pikipiki, malipo ya mkaguzi wa nje, na mtu wa kukaa na risiti mpaka zilingane na vocha. Umoja wa Ulaya kwa kawaida huruhusu gharama zisizo za moja kwa moja zisizozidi asilimia 7. Serikali ya Marekani ilitumia asilimia 10 kwa asasi zisizo na kiwango kilichojadiliwa, ikaipandisha hadi 15 Oktoba 2024. Asilimia hizo humfaa anayepokea mabilioni. Tuchukue mfano wa kubuni: asasi ya wilaya inapata ruzuku ya shilingi milioni 60 kwa mwaka. Mhasibu wa kuaminika akilipwa 800,000 kwa mwezi, mwaka mzima ni milioni 9.6, yaani asilimia 16 ya ruzuku yote, kabla hujalipa pango wala umeme. Asilimia 7 ya milioni 60 ni milioni 4.2. Asasi hiyo haina namna ya kuwa na mhasibu na wakati huohuo kutii masharti ya mfadhili.

Mwaka 2009 waandishi Ann Goggins Gregory na Don Howard walieleza nchini Marekani namna hali hii inavyojizalisha. Mfadhili anatarajia gharama ndogo, asasi inaandika ndogo kuliko ilizotumia, na mwaka unaofuata mfadhili anaamini kwamba ndogo zaidi inawezekana. Kwetu mzunguko huo una sura yake: posho. Mradi usipokuwa na fungu la mshahara, mkurugenzi ataishi kwa posho za vikao, za safari na za uwezeshaji. Hapo ndipo madhara yanapomfikia kijana. Kijana wa Namichiga aliyehitaji miezi sita kwa fundi cherehani anaitwa kwenye semina ya siku tatu ya ujasiriamali, kwa sababu semina ina posho na miezi sita kwa fundi haina. Aina ya mradi inachaguliwa na njia ya kumlipa kiongozi. Nalitaja jambo hili kwa uzito kwa sababu linawaumiza watu wasiokuwapo bajeti inapoandikwa, na kwa sababu wakurugenzi wengi wanaolifanya si wezi. Wamewekwa mahali ambapo kufanya kazi kwa uaminifu kunamaanisha kutolipwa.

Kwa hiyo siungi mkono dai kwamba kiongozi wa asasi ya vijana afanye kazi kwa kujitolea. Alipwe, na alipwe mshahara wa kujulikana. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, pamoja na marekebisho ya 2019, inadai taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, na inataka taarifa hizo ziwekwe wazi kwa umma. Kanuni za 2018 ziliongeza sharti la kuwasilisha serikalini mikataba ya fedha inayozidi shilingi milioni 20. Lakini uwazi huo unaelekea juu, kwa Msajili na kwa mfadhili. Katika hesabu, fungu la mishahara na stahili mara nyingi huandikwa kwa jumla, na kijana wa Kilimarondo hana njia ya kujua kama kiongozi wake anapata laki nne au milioni nne.

Historia ya nchi hii inatupa mfano mkali wa mshahara wa kiongozi kuwekwa mezani mbele ya vijana. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, chombo kilichoanzishwa 1963 na chenye kikosi Nachingwea hadi leo. Utaratibu huo uliwataka wahitimu watumikie miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wakatwe asilimia 60 ya mshahara. Rais Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu wanafunzi 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari iliyofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi. Adhabu ile kwa wanafunzi inaweza kubishaniwa, na mimi naiona ilikuwa kali. Lakini Nyerere alielewa kwamba huwezi kumwomba kijana ajitolee huku umemficha unachopata wewe. Asasi inayotegemea wawezeshaji wa kujitolea vijijini ipo katika hali ileile, na haina mamlaka ya dola ya kuwanyamazisha.

Sasa muungano. Wakazi wa Nachingwea wana sababu ya kushuku wanaposikia kwamba ukubwa unaleta ufanisi. Mwaka 1946 ujumbe uliotumwa kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika na majirani zake kwa wiki tisa, na mwaka uliofuata mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga ukaanza Kongwa, ukafika Urambo na Nachingwea. Reli ilijengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa, nyumba za maofisa zikasimama. Januari 1951 mpango ulitangazwa kufa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Baada ya uhuru reli nayo iling'olewa. Ukubwa ule ulijengwa kuanzia makao makuu kushuka chini, na gharama za kuuendesha zilitangulia ujuzi wa udongo na mvua. Pendekezo la kuwa na ofisi moja ya kanda iliyoko Lindi mjini au Mtwara, yenye mkurugenzi mmoja wa mshahara mkubwa na gari moja la kuzunguka wilaya zote, ni dogo mno kulinganishwa na karanga, lakini mpangilio wake ni uleule.

Mifano ya nje nayo inatoa tahadhari. Girl Scouts, jumuiya ya skauti wa kike ya Marekani, iliunganisha mabaraza yake, zaidi ya 300, hadi kubaki 112 hivi kati ya 2006 na 2009. Baraza moja la Wisconsin, Manitou, lilikataa eneo lake kugawanywa, likaenda mahakamani, na 2011 mahakama ya rufaa iliyoko Chicago ikalipa haki. Jambo la maana kwetu ni kwamba baraza lililokuwa karibu na wasichana lilikuwa na mkataba na eneo lake, likaweza kukataa. Asasi ya Ruangwa yenye cheti na deni la pango haina kinga kama hiyo. Wala makao makuu makubwa hayaleti yenyewe nidhamu ya mishahara: mwaka 2010 maseneta wanne walihoji malipo ya karibu dola milioni 1 ya kiongozi wa Boys & Girls Clubs of America, wakati vilabu vya mitaani vya jumuiya hiyohiyo vikifungwa kwa kukosa fedha.

Mfano unaotufaa hauko mbali. Ni RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mkulima wa korosho hapeleki gunia lake kwa chama kikuu. Analipeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kijijini kwake, kwa viongozi anaowafahamu na anaoweza kuwaondoa kwenye mkutano. Chama kikuu kinabeba kazi ambazo AMCOS moja haiwezi: kukusanya mzigo, kuuingiza katika stakabadhi ghalani, kuandaa mnada, kufuatilia malipo. Na kila senti inayobaki juu kwa ajili ya kazi hizo inaitwa makato, inahesabiwa kwa kilo, na wakulima wanaijadili hadharani, mara nyingi kwa hasira. Sisemi ushirika umetakata. Malalamiko ya malipo kuchelewa na makato kuzidi yanasikika karibu kila msimu. Lakini mkulima analalamikia tarakimu anayoijua. Kijana aliyesajiliwa kwenye mradi hana hata tarakimu ya kulalamikia.

Turudi kwenye ule mfano wa hesabu. Asasi nne za wilaya mbili, kila moja ikiwa na ruzuku ya milioni 60, zikimwajiri mhasibu mmoja, mchango wa kila moja ni milioni 2.4, yaani asilimia 4. Hapo hata asilimia 7 inaacha kitu cha kulipia pango. Mkaguzi anakuja mara moja, anakagua vitabu vinne vilivyopangwa kwa namna moja. Bodi zinabaki nne, milango inabaki minne, na kijana wa Nambilanje haambiwi apande gari hadi Nachingwea mjini kuulizia nafasi ya mafunzo. Faida ya pili itaonekana mbele ya wafadhili wapya. Ruangwa ina miradi ya madini ya kinywe na Nachingwea ina nikeli ya Ntaka Hill. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017, kampuni inatakiwa kukubaliana na halmashauri mpango wa mwaka wa kuchangia jamii. Asasi zenye hesabu safi za pamoja zina hoja ya kuingia katika mazungumzo hayo. Asasi ya mfukoni, yenye mhuri na mkoba peke yake, haina.

Atakayepinga atasema mhasibu wa wote hatakuwa wa yeyote, na kwamba asasi itakayomchelewesha mwenzake itaharibu jina la nne zote. Pingamizi hili ni la kweli. Ndiyo maana mkataba wake uandikwe na kamati ya wajumbe wa bodi, wakurugenzi wakiwa nje yake, na mchango wa kila asasi ulipwe mwanzoni mwa mwaka wa fedha, Julai, kabla miradi haijaanza kuumeza. Mhasibu huyohuyo, ambaye hana deni kwa mkurugenzi yeyote, ndiye asome mishahara na posho za viongozi kwenye mkutano wa mwaka wa kila asasi, mstari kwa mstari, huku maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri wakiwapo. Mkurugenzi akiona mshahara wake hauwezi kusomwa mbele ya vijana wa kata yake, bodi iupunguze au imweleze mfadhili waziwazi kwa nini kazi hiyo inagharimu kiasi hicho. Wakurugenzi wanaofanya kazi hii kwa moyo, nao wapo katika wilaya zote mbili, watapata kwa mara ya kwanza hoja ya kudai mshahara halali badala ya posho za kuungaunga.