Nani Alituchagulia Kiazi cha Kuoka?

Wadau, kiazi cha kuoka hakina pa kujificha. Chipsi utazimwagia tomato, rosti itafunika mengi, lakini kiazi kilichookwa na ganda lake ukishakipasua katikati kinajisema chenyewe: ama ni cha unga, ama kinanata kama gundi. Kwa hiyo historia yake ni historia ya kuchagua, na wengi waliotuchagulia hata majina yao hatuyajui.

Tuanzie London. Kwenye kitabu cha Henry Mayhew cha mwaka 1851 kuhusu watafutaji wa mitaani, wamo wauza viazi vya kuoka. Viazi vilipelekwa kwenye tanuri za waoka mikate, vikishaiva vinatembezwa mitaani kwenye makopo ya bati yanayopashwa moto kwa maji yanayochemka. Wapo wateja waliokuwa wananunua kwanza wapashe mikono joto, kula baadaye! Jamaa hawa hawakusomea mambo ya wanga, lakini kanuni yao ilikuwa moja: chukua kikubwa chenye ganda la kukwaruza, maana ndicho chenye unga.

Miaka hiyohiyo kiazi chenyewe kilikuwa kwenye msiba. Ugonjwa wa ukungu ulifyeka mashamba ya Marekani na Ulaya miaka ya 1840. Ireland peke yake walikufa watu kama milioni moja, na maskini wengi kule walikuwa wanategemea aina moja tu, Lumper. Hapo suala la mbegu si la ladha tena, bwana, ni la uhai. Mchungaji mmoja wa Utica, New York, akaona dawa ni kuleta damu mpya kutoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1851 akapata, kwa njia ya Panama, kiazi alichokiita Rough Purple Chili. Sasa jiulize, nani alikitunza mpaka kikafika huko? Wakulima, vizazi kwa vizazi, na gunia halikuja na jina la hata mmoja wao.

Kutokana na kiazi hicho ikazaliwa aina ya Garnet Chili, na kutoka hiyo ikaja Early Rose. Mwaka 1872, kijana wa miaka 23 huko Massachusetts akaona kwenye shamba la mama yake kitunda kimoja cha Early Rose. (Waliolima viazi wanavijua hivi vitunda, vya kijani, kama vinyanya vidogo. Si vya kula, vina sumu.) Ndani mlikuwa na mbegu 23. Akapanda zote, na mche mmoja ukawapita wenzake mbali. Haki yake akaiuza dola 150, akabaki na viazi kumi tu akahamia navyo California. Jina lake likabaki kwenye kiazi: Burbank.

Ila cha kwake kilikuwa na ganda laini. Hiki cha ganda la kahawia lenye vikwaruzo, kinachopendwa mpaka leo kwa kuoka, ni mgeuko uliojitokeza baadaye shambani, ukaitwa Russet Burbank. Yaani shamba lenyewe likarudi kwenye ganda walilokuwa wanalitafuta wale wauzaji wa London.

Na hata hivyo kikubwa kilikuwa bado kinaonewa. Wakulima wa bonde la Yakima, jimbo la Washington, walikuwa na viazi vikubwa kupita kiasi, wanunuzi hawavitaki, wanalisha nguruwe. Mkuu wa mabehewa ya chakula wa reli ya Northern Pacific akasikia malalamiko yao, akajaribu kuvioka. Mwaka 1909 abiria wakaanza kuletewa kiazi kimoja cha karibu kilo nzima na siagi yake, senti 10. Reli ikajitangaza kwa kiazi hicho kwa miaka mingi. Tangazo zuri sana, ila aliyesimama mbele ya oveni kwenye behewa linaloyumba ni mpishi ambaye bango halikumtaja.

Sisi je? Shangi ya Kenya ilishaenea mikononi mwa wakulima kabla haijaandikishwa rasmi mwaka 2015. Inaiva haraka, na ndo maana imependwa, ila inachipua haraka pia, kwa hiyo ukiivuna usiiweke muda mrefu. Mwenye bustani nyumbani nasema asibebwe na jina. Pima mwenyewe: kikombe kimoja cha chumvi, maji vikombe kumi na moja, tumbukiza. Kinachozama kina wanga mwingi, hicho ndicho cha kuoka. Kinachoelea kipeleke kwenye mchuzi au saladi. Vuna majani yakishakauka, ganda liwe limekomaa, kisha hifadhi gizani; kikishakuwa cha kijani usikile. Friji nayo hapana, baridi inageuza wanga kuwa sukari.

Na tafadhali, foili weka pembeni. Ukikifunga humo unakichemsha kwa mvuke wake, ganda linakuwa teketeke. Toboa kwa uma, paka mafuta kidogo, weka kwenye oveni ya moto. Kwenu mnakiita kiazi mviringo, mbatata au waru, na aina gani inazama? Tupia hapo chini.