Imani Peke Yake Haikuteka Maji

Mwaka 252 hivi, mitaa ya Carthage, katika Tunisia ya leo, ilikuwa imetapakaa maiti. Gonjwa lililozuka katika Dola la Roma karibu na mwaka 249 lilikuja na kuhara, kutapika mfululizo, macho kuvia damu, na kwa wengine viungo kuoza. Lilikuwa ugonjwa gani hasa? Wanahistoria bado wanabishana: wako wanaotaja ndui, wako wanaotaja homa ya jamii ya Ebola. Watu waliwatupa nje wagonjwa wao wangali hai. Pontius, shemasi aliyeandika maisha ya Askofu Cyprian, anaeleza kuwa askofu aliwakusanya waumini, kazi zikagawanywa kwa kadiri ya hali ya kila mtu; asiye na fedha alitoa nguvu zake. Tena aliwataka wasiishie kwa wenzao tu, bali wawahudumie na wapagani, watu wa mji uleule uliopiga kelele, enzi ya Kaisari Decius, kwamba Cyprian atupiwe simba.

Kisa hiki hupendwa mimbarini kama ushahidi kwamba imani huondoa hofu. Sikatai, ila naona hoja imeachwa nusu njia. Imani ilimpa mtu sababu ya kubaki. Kilichomfikishia mgonjwa maji ni utaratibu. Barua ya Cornelius, Askofu wa Roma, ya mwaka 251, inahesabu mapadri 46, mashemasi 7, na wajane pamoja na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa na kanisa la mji huo. Barua yenyewe ilihusu ugomvi wa kugombea uaskofu, wala haikuandikwa kujisifu kwa uuguzi. Ndiyo maana naiamini. Watu waliokwisha kujua nani ana njaa na anaishi wapi hawakuanzia sifuri gonjwa lilipobisha hodi. Na kwa mtu anayehara na kutapika, maji, chakula chepesi na mkono wa kumwinua vyaweza kuamua kama atafika kesho, hasa pale ambapo hata tajiri hana dawa ya kununua.

Atatokea wa kusema kwamba mashahidi hawa wote ni Wakristo wanaojipigia debe. Pingamizi hilo lina uzito. Dionysius, Askofu wa Alexandria, anayewasema wapagani kwa kuwakimbia wapendwa wao gonjwa hilo lilipofika kwao, anatumia lugha inayomfuata Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeeleza tauni ya Athens ya mwaka 430 kabla ya Kristo. Na Thucydides huyohuyo anakiri kwamba hata Athens walikuwapo walioona haya kuwaacha rafiki zao, wakaenda kuwauguza, wakafa. Basi huruma haikuanzia kanisani. Lakini wale wa Athens, kwa jinsi anavyowaeleza, walikwenda mmoja mmoja. Hataji mfuko wala kundi la kupokea kazi walipoanguka. Dionysius naye hafichi kwamba mapadri na mashemasi walikufa wakiuguza. Anachoonyesha ni kwamba walikuwapo wengine wa kuwafuata.

Cyprian hakuuawa na gonjwa. Tarehe 14 Septemba 258, likiwa bado halijaisha katika dola, alikatwa kichwa hapohapo Carthage kwa amri ya liwali wa Kirumi.