Chui na Simba katika Siasa za Kongo

Katika misitu ya bonde la Mto Kongo, ngozi ya chui haikuwa mali ya mwindaji aliyemuua. Ilipelekwa kwa mkuu wa kijiji, pamoja na meno na makucha. Na mkuu huyo, kama alikuwa na mtawala juu yake, aliipitisha kwake. Mwanahistoria Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu jamii za misitu hiyo, alionyesha kuwa safari ya ngozi ilifichua ngazi za utawala: pale ilipotua ndipo palipokuwa na mwenye nchi.

Simba ana historia nyingine. Yeye ni mnyama wa nyika, hakai msitu mnene, na katika siasa za Kongo aliingia kwa milango miwili. Kwanza alikuja na Wabelgiji, walioweka simba wao kwenye nembo ya koloni. Kisha akaja kutoka mashariki. Mwaka 1964 wapiganaji waliodai urithi wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, walijiita Simba, kwa Kiswahili, lugha ya upande wao wa nchi. Walichanjwa dawa, wakaamini kuwa risasi za adui zingegeuka maji, na mwezi Agosti waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Askari wa miavuli wa Ubelgiji waliushukia mji huo tarehe 24 Novemba.

Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, Joseph Mobutu alitwaa madaraka. Yeye alimchagua chui. Mwaka 1966 ilianzishwa Nishani ya Taifa ya Chui. Kofia ya ngozi ya chui ikawa alama yake mwenyewe, na timu ya taifa ya soka iliyocheza Kombe la Dunia mwaka 1974 iliitwa Léopards, yaani Chui. Hapo ndipo maana ya kale ilipopindwa. Ngozi iliyokuwa ikipanda ngazi kwa ngazi, kila mkuu akitambuliwa mahali pake, sasa ilikaa juu ya kichwa cha mtu mmoja. Ahmadou Kourouma wa Ivory Coast aliliona hilo: katika riwaya yake ya 1998, *En attendant le vote des bêtes sauvages*, kila dikteta ana mnyama wake, na yule anayefanana na Mobutu ana chui.

Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa viongozi wa uasi wa mashariki miaka ya 1960, aliingia madarakani Mei 1997 akiwa na jeshi lililozungumza sana Kiswahili katika Kinshasa ya Kilingala. Timu ya taifa ikabatizwa Simba. Jina hilo lilidumu hadi 2006, timu iliporudia Léopards. Mwaka huohuo katiba mpya iliweka kichwa cha chui kwenye nembo ya taifa, kati ya pembe ya ndovu na mkuki, juu ya jiwe. Kuuita uamuzi huo kumrudia Mobutu ni kumpa kisicho chake, kwa kuwa chui alikuwa wa watemi wa misituni karne nyingi kabla yake.